Mlango Uliofungwa Bila Kufungika

Mwalimu wetu wa Fizikia ana neno moja ambalo hulirudia mpaka wale wanaokaa nyuma hulitamka kabla yake: baridi si kitu. Hakuna mashine inayotengeneza baridi, wala friji haitii baridi ndani ya maziwa jinsi sisi tunavyotia sukari katika chai. Kilichoko ni joto tu. Kazi ya friji ni kulibeba joto lililo ndani na kulitupa nje, kule nyuma kwenye zile waya nyeusi ambazo ukizigusa unahisi moto. Nilipolisikia neno hilo katika kidato cha pili, nililiandika daftarini kwa ajili ya mtihani. Mwaka huu limetuokolea shilingi 3,300, nami nimeona niliandike katika kurasa za chama chetu kwa kuwa nina hakika nyumba nyingi za hapa Nakuru zina friji inayougua ugonjwa huu huu na wenyewe hawana habari.

Mamangu huuza maziwa. Kila alfajiri kijana wa bodaboda humletea lita 20 kutoka upande wa Njoro. Yeye huyachemsha, sehemu akauza yakiwa fresh, na yanayobaki akayagandisha yakawa mala. Friji yetu ni ndogo, tena si mpya. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, kwa pesa alizopata zamu yake ilipofika katika chama cha kina mama. Ina mkwaruzo mrefu ubavuni, lakini kibanda chote kinaiegemea hiyo. Mteja wa mtaani ukimpa maziwa yaliyochacha hakugombezi hata kidogo. Kesho yake hukupita tu akienda kwa jirani, tena anakusalimia vizuri kuliko siku zote.

Basi mnamo mwezi wa Februari, jua likiwaka na vumbi likitimka, mambo yalianza kwenda mrama. Maziwa yaliyowekwa jioni yakiwa matamu yalikuwa yakianza kukata ifikapo mchana wa siku ya pili. Mama alizungusha kile kidude cha kuongeza baridi mpaka namba ya mwisho. Hakuna kilichobadilika ila kelele. Mota ya friji, yaani kompresa, ilinguruma usiku kucha kama posho mili wakati wa mavuno. Juu katika friza barafu iliota ikawa nene hata bakuli lililokuwamo likashikwa lisitoke. Isitoshe, tokeni za shilingi 500 ambazo zilikuwa zikitufikisha siku ya kumi na moja zikawa zinaisha siku ya sita au ya saba. Mama alishika tama.

Fundi aliitwa. Alikuja na mkoba mkubwa, akafungua mlango wa friji, akaweka mkono ndani, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, hii friji gesi imeisha," akasema. "Tukijaza ni elfu nne na mia tano. Lakini hata nikijaza, kompresa nayo imechoka. Siwezi kukuhakikishia."

"Ati gesi imeisha? Kwani ilienda wapi?"

"Mama, gesi huisha tu. Si hata ile ya kupikia huisha?"

Mama alimwambia angefikiria. Fundi alipotoka, aliingia chumbani akatoa ile bahasha, nami niliijua bahasha hiyo. Ndani yake mlikuwa na pesa za chakula changu cha mchana shuleni za muhula uliofuata. Aliziweka mezani akazihesabu, akazirudisha, kisha akazitoa tena. Sikusema kitu. Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya friji nikaitazama.

Kilichonisumbua ni hiyo gesi ya kupikia. Gesi ya kupikia huisha kwa sababu tunaichoma. Ile ya friji haichomwi. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyozibwa: mara inakuwa kimiminika, mara inakuwa mvuke, inabeba joto na kulitua nje, halafu inarudi kubeba jingine. Ikipungua, basi kuna tundu mahali, na mtu akiijaza bila kuziba tundu amemwaga maji katika pakacha. Tena gesi ikiwa pungufu, kwa kawaida barafu hushika kipande kimoja tu cha friza, kwingine kukawa kukavu. Barafu yetu ilikuwa imeenea kote, na iliyo nene zaidi ilikuwa karibu na mlango. Hilo nililitazama kwa muda mrefu. Barafu ni maji, na hakuna mtu aliyekuwa akimwaga maji ndani ya friza. Maji hayo yaliingia na hewa. Hewa yenyewe iliingiaje ilhali mlango ulikuwa umefungwa?

Jibu linaweza kupatikana kwa karatasi. Chukua karatasi ya daftari, au noti ukiwa nayo, uibanishe mlangoni nusu ndani nusu nje, ufunge, kisha uivute polepole. Raba ya mlango ikiwa nzima, karatasi hukataa kataa kidogo kabla ya kutoka, unahisi kuna anayeishika upande wa pili. Ikitoka kama kisu katika siagi, hapo pana mwanya. Usipime mahali pamoja ukaridhika. Zunguka mlango wote, kiganja kwa kiganja, hata upande wa bawaba ambao watu husahau. Mimi nilianzia juu. Karatasi ilishikwa vizuri. Upande wa bawaba ilishikwa ila mahali pawili palipolegea. Nilipofika pembe ya chini, upande wa mkono wa kufungulia, sikuivuta kamwe. Niliiachilia tu ikadondoka sakafuni yenyewe.

Usiku huo stima ilipotea mtaani. Nadhani nilikuwa mtu wa pekee katika ploti yetu aliyefurahi. Niliwasha tochi ya simu ya Mama, nikaiweka ndani ya friji ikielekea pembe ile, nikafunga mlango na kuketi sakafuni gizani. Mwanga ulitokeza pale pembeni, mwembamba, uliopinda, kama mwezi mwandamo. Nilimwita Mama. Aliinama akautazama bila kusema neno, kisha akauliza, "Hiyo ndiyo inayokunywa tokeni zangu?"

Tulipiga hesabu kwa mshumaa. Kibandiko kilicho nyuma ya friji yetu kinasema wati 120. Mota ikifanya kazi saa 24 bila kupumzika, hizo ni wati-saa 2,880, sawa na uniti 2.88 kwa siku. Tuseme friji yenye mlango mzima hupumzika nusu ya muda wake, basi ingekula uniti 1.44. Tofauti kwa siku ni kidogo, bei ya mandazi machache tu, lakini kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 43.2. Kompresa haikuwa imechoka kwa uzee. Ilikuwa ikifukuza joto lililokuwa likiingia tena mara tu linapotolewa, na kule kuongeza namba mpaka mwisho kulikuwa kumwambia mtu anayekimbia kwamba mbio zake hazitoshi. Barafu nayo ilizidisha taabu kwa kuwa ikiwa nene hufunika mabomba kama blanketi, joto la maziwa lisiweze kuyafikia.

Asubuhi Jumamosi tuliitoa plagi ukutani. Maziwa tuliyatia katika sufuria ndani ya karai la maji, tukaifunika kwa gunia bichi na kuiweka kivulini penye upepo, maana maji yanapokauka huondoka na joto. Barafu tuliiacha iyeyuke yenyewe. Mpenzi msomaji, usiichokoe kwa kisu, kwa kuwa ukitoboa bomba la friza ndipo gesi itakapoisha kwelikweli.

Kabla hujasema raba imekufa, ioshe. Wamaasai ndio waliopaita mahali hapa jina linalomaanisha vumbi, na hawakukosea. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hadhi ya jiji, ila vumbi halikupata habari hizo. Katika mikunjo ya raba yetu nilikuta vumbi jekundu limechanganyika na maziwa yaliyokauka na kuvu jeusi, vyote vimeshikana kama saruji. Nilitumia maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida na mswaki mkuukuu. Palipokuwa pamebonyea nilikanda kwa kitambaa kilichotiwa maji moto mpaka raba ikalainika na kurudia umbo lake. Niliangalia pia kama friji imesimama sawa. Ukilaza juu yake chupa yenye maji nusu utaona imeinamia wapi. Miguu ya mbele ikiinuliwa kidogo tu, mlango hujirudia wenyewe. Baada ya hayo, pale pawili upande wa bawaba karatasi ilishikwa. Pembe ya chini ilibaki vile vile. Raba hapo ilikuwa imepasuka urefu wa kidole, na ndani ya ule mpasuko niliona utepe wa kahawia umekatika vipande viwili. Huo ulikuwa sumaku.

Nilidhani sumaku iliwekwa kwa urembo wa kufunga mlango taratibu. Kumbe ina historia ya kusikitisha. Zamani milango ya friji ilifungwa kwa komeo la chuma ambalo halikuweza kufunguliwa kutoka ndani. Huko Marekani watoto waliokuwa wakicheza walijificha ndani ya friji zilizotupwa, mlango ukajifunga, wakafa kwa kukosa hewa. Mwaka 1956 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyotaka kila friji mpya iweze kufunguliwa kutoka ndani, na utepe wa sumaku ndani ya raba ukawa njia rahisi ya kulifanya hilo. Kwa hivyo ule utepe una kazi mbili, kuzuia hewa isipite na kumwachia mtoto asukume atoke. Mama aliposikia hayo alinitazama, kisha akamtazama mdogo wangu ambaye ana miaka mitatu na hupenda kujificha. Kuna friji moja mbovu nyuma ya ploti yetu, na kabla ya jioni alikuwa amemlazimisha mwenyewe kuung'oa mlango wake.

Nyanya yangu, ambaye hukaa Olenguruone na alikuwa amekuja kututembelea, alicheka sana tulipomwonyesha mpasuko. Yeye hana friji. Maziwa yake huyaweka katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, yakakaa siku nyingi yakawa mursik, na wageni wakasifu. "Sisi tulipokuwa wasichana," akasema, "kibuyu kikiharibu maziwa hatukukitupa. Tuliangalia kifuniko kwanza." Halafu akauliza friji hiyo ilinunuliwa kwa pesa ngapi, akaambiwa, akacheka tena. Najua mursik na maziwa fresh si kitu kimoja, na wateja wa Mama hawataki yaliyolala wakati wameomba ya chai. Lakini katika habari ya kifuniko Nyanya hakuwa na mpinzani.

Sasa raba mpya itoke wapi? Kwanza nilinakili namba zilizo kwenye kibandiko cha friji. Duka la vifaa mjini walizitazama wakasema friji ya aina hiyo haiji tena. Nikashauriwa niwatafute mafundi wa jua kali. Hapo ndipo nilipokutana na mzee mmoja ambaye kibanda chake kimejaa milango ya friji imesimama kama majeneza, samahani kwa mfano huo. Nilikuwa nimebeba kipande kidogo cha raba yetu, nilichokikata pale palipokwisha kupasuka, na vipimo nilivyochukua kwa utepe wa fundi cherehani: sentimita 96 kwenda juu na 51 upana.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Nzuri, binti. Umepima wapi, nje ya raba ama kwenye mfereji?"

"Kwenye mfereji, kutoka ukingo hadi ukingo."

"Nani alikufunza?"

Nikamwambia kwamba hakuna aliyenifunza, ila niliona raba yenyewe imenyooka pengine na kujikunja pengine, mfereji haujikunji. Alinipa kigoda.

Alikitazama kile kipande kwa ubavu, akakilinganisha na raba zilizoning'inia ukutani moja baada ya nyingine. Alinieleza kuwa upana na urefu si shida kwa sababu hukatwa. Shida ni umbo la ule ukingo unaoingia ndani. Ukikosea umbo, raba itakaa siku mbili halafu itoke. Alipopata inayofanana, alikata vipande vinne na kila ncha akaikata mshazari wa digrii 45 kama fremu ya picha. Kisha akavuta utepe wa sumaku nyuma kidogo kutoka kila ncha.

"Mbona unaurudisha, mzee?"

"Sumaku ikiona moto inasahau kazi yake."

Aliweka bapa la chuma juu ya jiko la makaa. Lilipopata moto alilibana katikati ya ncha mbili, zikalainika, akalichomoa upesi, akazikutanisha na kuhesabu polepole hadi ishirini. Alifanya hivyo pembe nne. Hakuwa na saa wala kipima joto. Alijua kwa harufu, na harufu yenyewe si nzuri, ndiyo maana alisimama upepo ukimtoka mgongoni. Ungo ule wa pembe ukipoa huuoni isipokuwa umeonyeshwa. Alitaka shilingi 1,300, nikamwomba apunguze, akasema 1,200 kwa sababu nilipima vizuri. Nilimuuliza kama angekuja kuiweka. Akasema angekuja kwa mia tano, lakini mtu aliyepima mwenyewe aiweke mwenyewe.

Mama hakupenda. "Wewe ni fundi wa wapi? Ukiniharibia mlango nitauza maziwa ndani ya nini?" Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba angesimama karibu, na plagi aishike mkononi mwake. Aliishika muda wote ule kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi.

Ukiinua mdomo wa raba ya zamani kwa ndani utaona safu ya skrubu. Zetu zilikuwa 14. Usizitoe. Zilegeze tu, maana ndizo zinazoshikilia pia ule ubao wa plastiki wa ndani, na ukizitoa zote mlango hupinda na hutaurudisha sawa kwa urahisi. Raba ya zamani ikatoka yote kwa mvuto mmoja, nyeusi na ngumu. Tuliosha mfereji. Ile mpya niliiloweka kwanza katika beseni la maji ya vuguvugu ili mikunjo ya kubebwa iishe. Ilipolainika na kufutwa nilianza na pembe nne, kwa sababu pembe zikikaa sawa pande zitafuata, lakini ukianza na upande mmoja utafika mwisho na raba imezidi au imepunguka. Nilikaza skrubu kidogo kidogo, moja huku, moja kule, nisivute upande mmoja. Mwisho nikapaka mafuta ya Vaseline, kidogo sana, upande wa bawaba ambako raba husuguliwa kila mlango unapofunguka.

Pembe moja ya juu ilikataa kulala. Nilikumbuka kile kitambaa cha maji moto, nikaikanda, nikafunga mlango, tukauzungushia kamba ya katani tukauacha hadi asubuhi. Jumapili nikaleta karatasi. Juu ilishikwa. Ubavuni ilishikwa. Nilipofika ile pembe ya chini, niliivuta karatasi ikachanika.

Usiku wa siku hiyo Mama alinigutusha kwenye saa nane hivi. "Amka uangalie, stima imepotea tena." Niliinuka nikawasha taa, ikawaka. Tulisimama wawili jikoni, tukasikiliza. Kompresa ilikuwa imepumzika. Tangu Februari hatukuwahi kuisikia ikinyamaza, na Mama alikuwa amezoea mngurumo wake hata kimya kikamwamsha. Baada ya dakika kadhaa iliguna, ikaanza tena, ikafanya kazi, ikanyamaza. Alirudi kitandani bila kusema kitu, lakini asubuhi nilimsikia akimwambia kijana wa bodaboda aendelee kuleta lita 20, asipunguze kama alivyokuwa amemwambia. Bahasha iko mahali pake.

Raba ya zamani haikutupwa. Vipande vya sumaku vilivyobaki vizima alivichukua jirani yetu fundi wa nguo, huvitumia kuokotea sindano zinazomwangukia. Habari nazo zikaenea kwenye ploti, na wiki iliyopita mama wa nyumba ya nne aliniita nikaipime friji yake nayo. Nilizunguka mlango wote kwa karatasi, pande zote nne, na kila mahali ilishikwa barabara. Nikazima taa, nikaweka tochi ndani, hakuna mwanga uliotoka. Friza yake ilikuwa na barafu kipande kimoja tu kule nyuma, kwingine kukavu. Nilimwambia raba yake haina neno, amtafute fundi, na kabla fundi hajajaza gesi amwonyeshe tundu liko wapi.